Stuli ya Dirishani

Ijumaa iliyopita nilistaafu. Nina miaka thelathini na mbili, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa tumalizane. Kilichostaafu hasa ni kifundo cha mkono wangu wa kulia, mimi nimekisindikiza tu. Daktari alikigeuza huku na huku, nikapiga ukelele, akasema, "Mama, mkono huu umechoka kuliko wewe." Hilo nilikuwa nalijua, na sikulisomea.

Yusra, na wenzako wote wa benchi la nyuma, mmeniomba mara nyingi niwasimulie mambo yalivyokuwa kabla hamjaja, na kila mara nikifungua mdomo nyapara wetu Bwana Tibbits anapita. Jikoni kwangu hapiti. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu nyote mwakisoma, hata nyinyi mliotoka Kampala mnaojifanya mmekisahau, na kwa sababu yeye hakisomi. Habari za mishahara na nani alipandishwa cheo sizitii humu. Nina presha, na nanyonyesha.

Nilifika Birmingham mwaka 1968 kutoka Tanga, nikimfuata mume wangu Hamadi aliyekuwa amepata kazi ya usiku katika kiwanda cha magari. Tulipanga chumba cha juu huko Aston, karibu na uwanja wa mpira, hata siku za mechi nikawa najua nani kafunga kabla ya redio kusema. Hamadi akirudi asubuhi analala. Mimi nakaa pembeni ya kitanda naangalia ukuta, maana chumba ni hicho hicho na ukikohoa umemwamsha. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mikono inayojua kuchora hina. Cheti hakuna aliyekiuliza. Hina hakuna aliyeijua.

Hina nilifundishwa na shangazi yangu, aliyekuwa akipamba maharusi Tanga mjini. Bibi harusi analala chali, mkono wake uko mapajani mwako, na wewe umeshika kijiti cha ukuti kilichochongwa ncha. Kila nilipozungusha kijiti kutafuta kona, shangazi alinichapa kofi kidoleni. "Mkono wako utulie! Zungusha wa mwenzio, ua litakuja lenyewe." Nilidhani ni ukorofi wa wazee. Likumbukeni hilo kofi, lina kazi mbele.

Ofisi ya kazi ilinipeleka kwenye karakana yetu, mtaa wa masonara, nifagie na kupika chai. Siku ya kwanza nikafika na mori wa bibi harusi mpya anayetaka kumwonyesha mama mkwe. Nikanyunyiza maji sakafuni vumbi litulie, kama tunavyofanya kwetu, nikafagia chini ya kila benchi mpaka pembeni, nikazoa, nikaenda kumwaga kwenye pipa la taka barabarani. Narudi nikipangusa mikono, nasubiri sifa.

Bwana Tibbits akatazama sakafu. Akatazama beleshi langu. Akawa mwekundu kuanzia kola kwenda juu.

"Taka ziko wapi?"

"Nimetupa."

"Umetupa? Zile si taka, mwanamke! Ni dhahabu!"

Akatoka mbio na koti lake la kazi, mtu mzima yule, akalikumbatia pipa kama ndugu aliyepotea. Ndipo nikajifunza sheria ya kwanza ya kazi yetu. Chenga zinazodondoka patasi ikila dhahabu ni mali, vumbi la sakafu ni mali, maji unayonawia yanaingia kwenye pipa lake, hata aproni ikichakaa huchomwa na majivu yake kuyeyushwa. Katika karakana ile hata uchafu wa kucha zako una mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Kwenye chumba cha kung'arisha kulikuwa na msichana wa Kihindi anacheka mpaka ameegemea mashine. Huyo ndiye Zarina, mtu wa Kisumu, mnayemjua nyote kwa mdomo wake.

"Karibu Ulaya, dada," akaniambia. "Hapa hata ukipiga chafya wanakuja na ufagio."

Nusura nilie kwa kusikia Kiswahili, hata kile chake cha bara.

Dirishani, penye mwanga usio na jua, alikaa mchora nakshi, Mzee Alf. Alikuwa na nyusi kama brashi za viatu na alimwita kila mtu "bab", kama wanavyoitana watu wa hapa, wawe wanakupenda au hawakupendi. Benchi lake lilikuwa na nafasi tatu zilizokatwa nusu duara, na chini ya kila moja ngozi pana inaning'inia kudaka chenga. Yeye alikaa ya kwanza. Ya pili ilikuwa na stuli yake, lakini tupu. Ya tatu haikuwa hata na stuli. Wenzake walikwisha kuzeeka wakaondoka, na hakuna aliyetaka kujifunza kazi inayochukua miaka kabla hujaacha kuharibu mali ya watu.

Nilimpelekea chai. Nilikuwa naitia tangawizi kwa siri, kwa sababu chai yao niliionea huruma. Akanywa, akakohoa, macho yakamtoka.

"Umetia nini humu, bab?"

"Dawa ya baridi."

"Hii inaweza kubomoa daraja. Usibadilishe."

Huo ndio ulikuwa urafiki wetu kwa muda mrefu: mimi natia tangawizi, yeye anakohoa.

Kisha Zarina akachumbiwa. Ndugu zake walipata hina kwenye duka la Wahindi, lakini mchoraji wao alikuwa na homa, na harusi haingoji homa. Tukakaa saa ya chakula nyuma ya mashine za kung'arisha, mkono wake mapajani kwangu, nachora kwa kijiti cha kibiriti kwa kuwa ukuti Birmingham haupo. Zarina haongei akichorwa, ni mara moja tu maishani nimemwona hivyo. Nikainua kichwa, Mzee Alf amesimama mlangoni na mkate wenye jibini umeishia njiani.

"Nani amekufundisha kugeuza kazi?"

Sikuelewa. Akaja, akaushika mkono wa Zarina, akauzungusha kidogo huku kidole chake kingine kimetulia juu yake. "Hivi. Unageuza kazi, hugeuzi kifaa. Nani?"

"Shangazi yangu."

"Alikuwa sonara?"

"Alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga."

Akaangalia ua nililochora. "Hapa mstari umeota tumbo," akasema. "Na hapa. Lakini unageuza kazi." Akamaliza mkate wake, akaenda zake. Kesho yake nikakuta kwenye meza ya chai patasi moja, ile ndogo yenye mpini wa mti kama uyoga unaokaa kiganjani, na kipande cha shaba.

Bwana Tibbits alipogundua nakaa dirishani kila saa ya chakula, alikuja mikono nyuma.

"Alf, wanawake hawakai benchi hili. Ukishamfundisha tu, anazaa."

"Na wanaume ukishawafundisha wanakufa," Mzee Alf akajibu, bila kuinua kichwa. "Angalau huyu anaweza kurudi."

Hivyo ndivyo nilivyopata stuli ya pili. Haikuwa na mgongo, na mguu mmoja ulikuwa mfupi ukatiwa kipande cha ngozi. Niliipenda kama watu wanavyopenda nyumba.

Sasa, kazi yenyewe, kwa nyinyi mnaodhani nilizaliwa naijua. Mara ya kwanza patasi iliteleza ikaingia kwenye kidole gumba cha kushoto, na alama ninayo. Ngozi ya bibi harusi inakusamehe, shaba haikusamehe. Unaweka kazi juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, unasukuma patasi mbele kwa kiganja, na mkono wa kushoto ndio unaozungusha mto. Kumbe shangazi alikuwa ananifundisha usonara kwa makofi, na mimi nilimnunia miaka yote ile.

Nusu ya kazi ni kinoo. Patasi butu haikati, inateleza, na ikiteleza juu ya pete ya mtu huna pa kukimbilia. Msimpe mtu kinoo chenu, awe nani. Mkikasirika, noeni. Mimi patasi zangu zilikuwa kali kuliko za mtu yeyote mtaani, na sababu yake mnaijua.

Kazi iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa pete ya mzee mmoja mjane. Alitaka jina lake lichorwe ndani, karibu na la mkewe, na pete yenyewe ilikuwa imelika kwa kuvaliwa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukikata sana unatokea upande wa pili. Ukikata kidogo, linafutika. Mzee Alf akasema, "Kaichukue." Nikasema, "Mwenyewe uko hapa." Akasema, "Mimi nimeoa, nitatetemeka." Nikaifanya nikiwa nimebana pumzi kila herufi. Mjane alipokuja aliivaa, akaitoa, akatazama ndani, akaivaa tena, akaondoka bila kusema hata ahsante, akasahau kofia yake. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyopata kazini, na kofia tuliitunza wiki nzima.

Mwaka 1972 nikashika mimba ya Rehema. Nilichora mpaka tumbo likagusa benchi, ikabidi ninyooshe mikono kama ninayesukuma mkokoteni. Bwana Tibbits akaniita ofisini.

"Nakupa wiki mbili ukishajifungua."

"Nahitaji arobaini."

"Arobaini ya nini?"

Nikamweleza. Kwetu mzazi hatoki kabla ya siku arobaini. Anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, mtoto anapata nguvu, na yeye anarudi kuwa mtu. Si likizo. Ni kama kinoo, ukirudi butu utaharibu.

"Hapa si Afrika," akasema.

"Mimi ndiye ninayezaa, popote nilipo."

"Basi stuli siahidi."

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilirudi nyumbani nikamwambia Hamadi, "Wataichukua." Hamadi, ambaye alikuwa amejifunza kukaa mbali nami nikiwa na hasira, akasema taratibu, "Uende baada ya wiki mbili?" Nikamwangalia. Akasema, "Sawa, sawa, nauliza tu," akaenda kununua pilipili manga.

Arobaini yangu ilikuwa ya ajabu. Hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna mkandaji. Hamadi akitoka kwenye kazi ya usiku mzima, anapika uji na ovaroli yake mwilini, uji wenyewe unaweza kupigia plasta. Kisha analala, mtoto analia, anaamka, anambeba, analala amesimama. Sitasahau wema huo, ila uji nimejitahidi kuusahau.

Zarina alikuja kunitazama akiwa na halua na uso wa matanga.

"Sema," nikamwambia.

"Usikasirike."

"Nimeshakasirika, sema tu."

"Tibbits ametoa stuli yako. Ameifungia stoo. Anasema ukirudi, utakuja kung'arisha na sisi, au ufagie."

"Na Alf?"

"Alf hasemi. Ananoa tu."

Ningeweza kuondoka siku ileile. Sikuondoka. Nilimaliza arobaini yangu mpaka siku ya mwisho, nikiwa na hasira ya kuchemshia maji, kwa sababu nisingeimaliza ningekuwa nimempa Tibbits vyote viwili, stuli na arobaini.

Siku ya arobaini na moja nikaoga, nikavaa, nikambeba Rehema mgongoni kwa kanga, koti juu yake, tukatembea. Nikaingia karakana, nikafika dirishani. Stuli haipo kweli. Sehemu yake pana doa jeupe sakafuni. Nikafungua kanga, nikaitandika ndani ya ile ngozi ya nafasi ya tatu isiyo na mtu, nikamlaza Rehema humo. Ikambeba kama bembea. Nikatoa patasi zangu, nikachukua kazi kwenye sinia la Alf, nikasimama, nikaanza kuchora.

Kuchora nakshi umesimama ni kama kushona ukiwa umepanda ngazi. Mgongo unakatika. Lakini sikuketi.

Bwana Tibbits akaja. "Hii nini?"

"Kazi."

"Na hiyo?"

"Rehema."

"Hapa si mahali pa watoto!"

"Hapa si mahali pa kusimama pia. Leta stuli."

"Kazi yako iko kule kwenye mashine."

"Kazi yangu naifanya, unaiona. Usinitikise, hii ni fedha ya mteja."

Hakuweza kunivuta, maana patasi ilikuwa ndani ya chombo na ingeharibika mali. Ndiyo faida ya kazi yetu, nawaambia: ukiwa na chombo cha mteja chini ya patasi, hata mfalme anangoja.

Siku ile nilisimama. Ya pili nikasimama. Jioni miguu ilivimba, Hamadi akanikanda kwa maji ya moto akinung'unika juu ya Waingereza wote kwa jumla. Ya tatu asubuhi, nimeanza tu, nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Mzee Alf alikuwa amesukuma stuli yake ukutani, akasimama kando yangu.

"Kaa, Mzee," nikamwambia. "Magoti yako."

"Magoti yangu yana maoni yao," akasema. "Wewe chora."

Zarina alipochungulia akatuona, akarudi chumba cha kung'arisha. Muda si muda mashine za kung'arisha zikabadilika sauti. Wote kule walikuwa wamesimama, Waingereza, Wairishi, Wahindi, viti vyao vimepangwa ukutani kama shule iliyofungwa. Hakuna aliyeacha kazi. Bwana Tibbits alipita katikati yetu na sinia lake, na kokote alikogeuka aliona mtu wima. Kwa kuwa yeye ni mfupi, nadhani hilo lilimuumiza zaidi.

Kabla ya saa ya chakula akatoka stoo ameibeba stuli mwenyewe. Akaiweka kwenye doa lake jeupe, hata kipande cha ngozi cha mguu mfupi akakirudisha. Nikaketi. Watu wote wakaketi. Mzee Alf alichelewa, alikuwa hawezi kupinda.

"Lakini huyo mtoto," akasema Bwana Tibbits, akitafuta pa kushika. "Amelala mahali pa chenga. Hatoki hapa bila kupigwa brashi."

"Nitampiga brashi."

"Hapana. Mimi mwenyewe." Hakumwamini mtu na dhahabu yake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni Rehema aliwekwa juu ya sinia, na nyapara wa watu wazima akampitishia brashi laini ya sonara kwenye nywele, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Siku za Ijumaa alitaka aogeshwe palepale, maji yaingie kwenye pipa. Akili ya bahili haina likizo! Rehema alimpenda vibaya sana. Akimwona na brashi anacheka mpaka anapata kwikwi. Jioni moja nilimkuta Tibbits anamwimbia. Mpaka leo anakana, na Rehema, ambaye sasa ananijibu kwa Kiingereza kila nikimwita kwa Kiswahili, anamuunga mkono.

Alipoanza kutambaa, mama mkwe wa Zarina kule Bordesley Green akamchukua mchana. Kwa watoto wangu wawili waliofuata hakuna aliyegusa stuli yangu. Mzee Alf alihamia kwa binti yake Northfield, akaniachia kinoo chake. Nikienda kumtazama hupeleka tangawizi, na yeye hulalamika juu ya waridi la jirani.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa kudhani tumeshinda. Wiki mbili zilizopita, Yusra, ulimwendea Bwana Tibbits kumwambia una mimba, ukamuuliza kuhusu nafasi yako dirishani, maana wewe ndiye unayerithi stuli yangu. Akakujibu, "Tutaona." Ukamwambia, "Mbona Mishi alirudi?" Akasema, "Mishi ni Mishi." Ulinisimulia chooni huku unanawa uso, na mimi nilitaka kutoka na patasi. Yaani miaka yote hii tulikuwa tumeshinda stuli moja, ya mtu mmoja, na sababu ni kwamba mtu huyo ana mdomo. Hiyo si haki, hiyo ni bahati yenye kelele.

Basi Ijumaa, saa ya chakula, Bwana Tibbits alikwenda mwenyewe kuninunulia keki. Zarina akakaa mlangoni kuangalia. Mimi nikapiga magoti chini ya benchi na vyuma vidogo vya kona, na skrubu ndefu nilizonunua asubuhi, na bisibisi ya Hamadi. Kifundo kililia, nikatumia mkono wa kushoto.

"Mishi," Zarina akasema, "hiyo ni mali ya kampuni."

"Ndiyo maana naifunga sakafuni, isipotee."

Chenga za mbao nikazizoa, nikazimwaga kwenye ngozi, kwa heshima. Kisha tukala keki. Bwana Tibbits alitoa hotuba, akanipa saa ya ukutani, akasema karakana haitakuwa ileile. Alikuwa ameegemea stuli yangu wakati wote huo, na hakujua kwa nini haiyumbi.

Nenda kazae, Yusra. Kunywa uji, kandwa, kaa arobaini yako yote, usipunguziwe hata siku moja. Stuli haiendi popote. Bisibisi ninayo mimi.